Korea Chini ya Utawala wa Japani: Mwelekeo Mpya wa Wanahistoria

Tangu tarehe 29 Agosti 1910, ulipotangazwa mkataba uliokomesha dola ya Korea na kuitia nchi hiyo katika milki ya Japani, hata tarehe 15 Agosti 1945, Mfalme wa Japani alipotangaza kusalimu amri, ilipita miaka 35 tu, muda mfupi katika tarikh ya taifa ambalo kabla ya hapo lilikwisha kutawaliwa na ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 500. Lakini ndio muda ambao wanazuoni wa Korea, wa Japani na wa Marekani wameubishania kwa ukali kuliko sehemu nyingine yoyote ya historia ya nchi ile. Ubishi huo haukubaki katika kumbi za vyuo vikuu, bali umeingia mahakamani, bungeni na katika vitabu vya shule, hata ikawa mwandishi wa tarikh anapofungua daftari la zamani la kodi ya ardhi hana budi kujua kwamba atakachokisoma humo kitamfurahisha waziri fulani na kumchukiza mwingine. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi utafiti wa mambo hayo ulivyogeuka katika takriban miaka 40 iliyopita, na kupima faida na hasara ya mageuzi hayo.

Hapana budi kuanza na wale walioandika kwa ajili ya watawala. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanauchumi wa Kijapani Fukuda Tokuzō alishika kauli kwamba Korea haikupata kuipitia ile daraja ya ukabaila iliyoziandaa Ulaya na Japani kwa maendeleo, na kwa hiyo ilikuwa imeduma, isiweze kusogea ila kwa kusukumwa na mkono wa nje. Kauli hiyo iliufaa sana utawala wa kikoloni. Mwaka 1925 ofisi ya Gavana Mkuu iliunda halmashauri rasmi ya kuitunga historia ya Korea, na matunda yake yakawa mkusanyiko wa majalada 35, uliochapishwa baina ya 1932 na 1938, kazi yenye ustadi mkubwa wa kukusanya nyaraka na yenye uteuzi wa makusudi wa nini kiwekwe na nini kiachwe. Wakorea nao hawakunyamaza. Park Eun-sik, akiwa uhamishoni Shanghai, alitoa mwaka 1915 tarikh ya uchungu wa kuipoteza nchi. Shin Chae-ho, aliyeiandika historia ya kale ili kulipa taifa roho ya kusimama, alifia katika gereza la Lüshun mwaka 1936. Na Paek Nam-un, kwa mizani ya Karl Marx, alijaribu mwaka 1933 kuthibitisha kwamba jamii ya Kikorea ilipita njia zile zile walizopita wanadamu wengine.

Baada ya uhuru, na baada ya nchi kugawanyika, wanahistoria wa Korea Kusini walijitwisha kazi ya kuivunja kauli ya udumavu. Aliyetangulia mbele katika miaka ya 1960 alikuwa Kim Yong-sop, aliyezipekua daftari za mashamba za zama za wafalme wa Joseon na kudai kuona ndani yake wakulima matajiri waliokuwa wakilima kwa ajili ya soko, yaani mbegu za ubepari zilizochipuka zenyewe kabla Mjapani hajatia mguu. Huko Japani, chama cha watafiti wa historia ya Korea kilichoundwa mwaka 1959, na wanazuoni wenye insafu kama Kajimura Hideki, waliunga mkono juhudi hizo kwa kuzikana fikra za walimu wao wenyewe. Huko Korea Kaskazini, kwa upande wake, historia yote ya zama hizo ilivutwa pole pole hata ikawa ni tarikh ya wapiganaji wa msituni wa Kim Il Sung. Kwa tofauti zao zote, wote hawa walijenga juu ya nguzo mbili: dhulma ya mtawala na ushujaa wa mpinzani. Nguzo hizo zilikuwa za kweli, na bila ya hizo taifa lisingeweza kusimama. Lakini baina ya mdhalimu na shujaa palikuwapo watu zaidi ya milioni 20 waliolima, waliouza, waliosoma, waliooa na waliozika, na habari zao zilikuwa hazijaandikwa.

Hoja ya kwanza kutikisika ilikuwa ile ya ardhi. Kwa miaka mingi ilifundishwa mashuleni kwamba upimaji wa ardhi uliofanywa na utawala baina ya 1910 na 1918 ulikuwa ni unyang'anyi mtupu: kila mwenye shamba alitakiwa kupeleka tamko la maandishi, wakulima wasiojua sheria wakachelewa au wakakataa, na kwa hila hiyo, ilisemwa, asilimia 40 ya ardhi ya nchi ikaangukia mikononi mwa dola na Wajapani. Watafiti walipozifungua daftari zenyewe, kama za wilaya ya Gimhae kusini mwa nchi, waliona sura nyingine. Aghalabu wenye mashamba walipeleka matamko yao, na matamko hayo yalikubaliwa. Kati ya viwanja zaidi ya milioni 19 vilivyopimwa, vilivyozua mashtaka havikufika asilimia 1, na sehemu kubwa ya mashtaka hayo ilihusu mashamba yaliyokuwa ya nyumba ya mfalme na ya serikali ya zamani, ambayo wakulima waliyahesabu kuwa yao. Miyajima Hiroshi wa Japani katika kitabu chake cha 1991, na Edwin Gragert wa Marekani katika chake cha 1994, walifikia natija zinazokaribiana: upimaji haukuwapokonya Wakorea mashamba kwa jumla, bali uliyapa mashamba hayo hati zilizo wazi, zinazouzika na kuwekewa rehani.

Msomaji mwepesi angeweza kudhani kwamba hapo mkoloni amepata fatuwa ya kuachiwa. Sivyo. Sheria mpya ilimtambua mwenye hati peke yake. Zile haki za desturi za mkulima mpangaji, aliyekuwa akilima shamba la mtu kizazi baada ya kizazi bila ya kuweza kufukuzwa ovyo, hazikuwa na safu katika daftari, na jambo lisilo na safu katika daftari mahakamani halipo. Ardhi ilipokwisha kuwa bidhaa, mdororo wa bei mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulifanya kazi ambayo upimaji haukuifanya: mkulima mdogo aliyekopa kwa rehani ya shamba alishindwa kulipa, na shamba likahamia kwa mkopeshaji, Mkorea au Mjapani. Kwa hiyo unyang'anyi haukutoweka katika historia mpya. Umehamishwa mahali pake, kutoka siku ya kupeleka tamko hadi siku ya kulipa deni, na kutoka upanga wa askari hadi kalamu ya karani wa benki.

Hoja ya pili, nayo ndiyo iliyowasha moto zaidi, ni ya uchumi. Mwaka 1991 Carter Eckert, Mmarekani, alitoa kitabu juu ya ukoo wa Kim wa Gochang, mabwana wa mashamba ya mpunga waliogeuka kuwa wenye viwanda. Kampuni yao ya kusokota nyuzi na kufuma nguo, iliyoanzishwa mwaka 1919 na Kim Seong-su na kuendelezwa na nduguye Kim Yeon-su, ilikuwa ikisifiwa kuwa ni mtaji wa kizalendo ulioota chini ya jua kali la ukoloni. Eckert, kwa kufuata hesabu za kampuni na mikopo yake, alionyesha kwamba ilinyonyeshwa na ruzuku za serikali ya kikoloni na fedha za benki ya maendeleo ya watawala, na kwamba majeshi ya Japani yalipoingia Manchuria nayo ilifuata nyuma kutafuta soko na kujenga kiwanda. Pigo lilikuwa la pande mbili: kwa wale waliotafuta mbegu za ubepari zilizochipuka zenyewe, aliwaambia kwamba mche walioushika ulipandwa na mkoloni, na kwa wale waliowatukuza matajiri wa zamani, aliwaambia kwamba mashujaa wao walikuwa washirika wa dola iliyowatawala.

Katika njia hiyo walipita wachumi-historia wa Seoul, hususan An Byeong-jik na wanafunzi wake, ambao walikusanya takwimu za mazao, bei na mishahara. Kundi la Kim Nak-nyeon lilikadiria kwamba pato la nchi lilikua kwa karibu asilimia 3.7 kwa mwaka baina ya 1911 na 1940, kasi ambayo kwa zama zile si haba. Jawabu lililo zito kuliko yote lilitoka kwa Huh Soo-youl, ambaye mwaka 2005 hakuzikanusha tarakimu hizo kwa jumla ila aliuliza swali moja: ni za nani? Akaonyesha kwamba viwanda, na sehemu kubwa ya mashamba yaliyo bora, vilikuwa vya Wajapani, na kwamba ukuaji wao uliweza kupanda juu ya ramani ya Korea bila ya kushuka katika sufuria ya Mkorea. Mchele ni shahidi wa kutosha. Mavuno yaliongezeka kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 1920, lakini usafirishaji kwenda Japani uliongezeka zaidi, na mkulima aliyeuvuna mpunga alijikuta akila mtama ulioagizwa kutoka Manchuria. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba takwimu inaweza kuwa sahihi na bado ikawa haijasema neno juu ya jambo tunalouliza.

Mnamo mwisho wa miaka ya 1990 walitokea waliochoka na mizani ya faida na hasara. Mwaka 1999 Gi-Wook Shin na Michael Robinson walihariri mkusanyiko wa makala juu ya usasa wa kikoloni, wakitaka ukoloni, utaifa na usasa vitazamwe kwa pamoja, kwa kuwa Mkorea wa miaka ya 1930 hakuvipata mbalimbali. Mfano wao ulio bora ni redio. Kituo cha Seoul kilipofunguliwa mwaka 1927 lugha mbili zilipokezana katika wimbi moja, na wasikilizaji wakawa wachache. Mwaka 1933 Kikorea kikapewa wimbi lake. Serikali ilitaka chombo cha kupitisha amri na propaganda. Waliokitumia wakakitia hadithi, nyimbo na maigizo ya Kikorea, hata chombo cha mtawala kikawa uwanja ambamo lugha ya mtawaliwa ilinawiri, naam, chini ya mkasi wa mkaguzi, lakini ilinawiri. Todd Henry, katika kitabu chake cha 2014 juu ya Seoul, alifanya kazi kama hiyo kwa barabara, mahekalu ya Kijapani ya kilima cha Namsan, maonyesho ya biashara na kampeni za usafi, akifuatilia jinsi wakazi walivyozipinda amri walizopewa badala ya kuzitii au kuziasi waziwazi.

Katika Korea yenyewe Yun Hae-dong alilipa wazo hili ukali wake mwaka 2003, aliposema kwamba maisha ya wengi yalikuwa katika eneo la kijivu, baina ya upinzani na usaliti. Kauli hiyo iligusa donda. Kamati maalumu iliyoundwa mwaka 1948 kuwahukumu washirika wa Japani ilivamiwa na polisi mwaka 1949 na kuvunjwa, kwa kuwa wengi wa waliokuwa wachunguzwe walikuwa wamekwisha kukalia viti vya dola mpya. Na mtafiti Im Jong-guk, aliyechapisha mwaka 1966 kitabu juu ya waandishi waliomtumikia mkoloni, alifanya kazi yake karibu peke yake. Taasisi iliyorithi kazi yake ilitoa mwezi wa Novemba 2009 kamusi ya washirika yenye majina 4,389, likiwamo la Park Chung-hee, ofisa wa jeshi la Manchukuo, dola ya Kijapani huko Manchuria, aliyekuja kuwa Rais wa Korea Kusini. Kwa hiyo, kwa familia zilizongoja hukumu miaka 60, mwanachuoni anayesema kwamba mambo yalikuwa ya kijivu anaweza kuonekana kama wakili wa mshtakiwa. Lakini eneo la kijivu si msamaha. Ni ramani ya mahali watu walipokuwa, na hakimu mwenye busara haogopi ramani.

Mkondo mwingine umevuka mipaka ya rasi. Jun Uchida, mwaka 2011, aliandika juu ya walowezi wa Kijapani, waliofikia karibu 700,000 mwishoni mwa ukoloni, wafanyabiashara, waandishi wa magazeti na wakopeshaji ambao mara walimsaidia Gavana Mkuu na mara walimpinga, na waliofanya biashara na vyama pamoja na matajiri wa Kikorea. Hyun Ok Park amewafuata wakulima wa Kikorea hadi Manchuria, ambako wanyonge wa milki waligeuka kuwa chambo cha kupanulia milki. Ken Kawashima amewafuata vibarua wa Kikorea hadi Osaka na Tokyo. Sayaka Chatani amewaweka vijana wa vijiji vya Miyagi, Taiwan na Korea katika kitabu kimoja, akionyesha kwamba hamasa ya kujiunga na jeshi iliota katika kiu ya kijana wa shamba ya kupata heshima na kazi kuliko katika mapenzi ya Mfalme. David Fedman, mwaka 2020, ameingia misituni. Serikali ya kikoloni ilijisifu kwa kupanda miti katika vilima vilivyo uchi, na kweli ilipanda. Lakini ilianza kwa kuyalaumu majiko ya ondol, ambayo moshi wake hupita chini ya sakafu na kuipasha nyumba moto, ikawafungia wanavijiji misitu waliyokuwa wakiokota kuni, na vita vilipopamba moto ikaikata miti ile ile kwa pupa.

Labda hapana kazi inayoonyesha nguvu ya utafiti mpya kuliko ile ya Mizuno Naoki juu ya amri ya majina ya mwaka 1940. Ilizoeleka kusemwa kwamba Wakorea walilazimishwa kuchukua majina ya Kijapani, na kwamba katika miezi sita karibu asilimia 80 ya nyumba zilijiandikisha. Mizuno aliisoma sheria kifungu kwa kifungu. Kwa desturi ya Kikorea mwanamke huolewa akabaki na jina la ukoo wa babaye, madhali ukoo ni damu na haubadiliki kwa ndoa. Sheria mpya iliitaka kila nyumba iwe na jina moja, kwa mfano wa nyumba ya Kijapani, na ile isiyojiandikisha, jina la mkuu wake lilifanywa kuwa jina la nyumba nzima kwa nguvu ya sheria. Basi hata yule aliyekataa hakubaki kama alivyokuwa, kwani kisheria mkewe na mamaye sasa waliitwa kwa jina la nyumba, si kwa majina ya koo zao. Shabaha ilikuwa ni kuuvunja ukoo, ngome ya jamii ya Kikorea, na kumfunga kila mtu moja kwa moja kwa dola. Hii ni dhulma iliyo nzito kuliko ile tuliyodhani, na imejulikana kwa kusoma sheria kwa utulivu.

Imebaki ile mada ya wanawake na wafanyakazi waliochukuliwa vitani, ambayo mwanahistoria haingii bila ya kutazama nyuma yake. Tarehe 14 Agosti 1991 Kim Hak-sun alijitokeza hadharani akasema kwamba alikuwa miongoni mwa wanawake waliofungiwa katika madanguro ya jeshi la Japani; na mwezi wa Januari 1992 Yoshimi Yoshiaki akatoa nyaraka alizozikuta katika maktaba ya idara ya ulinzi ya Japani, zenye kuthibitisha kwamba jeshi lilihusika katika kuyaanzisha na kuyasimamia. Tangu hapo ushuhuda wa mdomo, ambao wanahistoria wa kale waliudharau, umepata daraja ya hati. Park Yu-ha, aliyetoa mwaka 2013 kitabu kilichotilia mkazo kazi ya mawakala wa Kikorea, alishtakiwa, akatozwa faini, na ni mwezi wa Oktoba 2023 tu Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ilipotengua hukumu hiyo. Nayo makala ya mwaka 2021 ya Mark Ramseyer wa Harvard, iliyoyageuza mateso hayo kuwa mikataba ya hiari, ilianguka mbele ya wanahistoria waliouliza iko wapi mikataba yenyewe. Kuhusu wafanyakazi, mahakama hiyo iliamua mwezi wa Oktoba 2018 kwamba kampuni ya chuma ya Kijapani iwalipe fidia, ilhali Japani inashikilia kwamba mapatano ya 1965 baina ya nchi mbili hizo, yaliyotoa dola milioni 300 za msaada na milioni 200 za mkopo, yalikwisha kuyafunga madai yote.

Nyaraka nazo zimekuwa wazi kuliko zamani. Kwa kutimia miaka 100 ya maandamano ya kudai uhuru ya tarehe 1 Machi 1919, Taasisi ya Taifa ya Historia ya Korea ilikusanya ripoti za polisi, za jeshi, za wamisionari na za mahakama, ikaziingiza katika kompyuta tukio kwa tukio. Takwimu za watawala zilitaja waliouawa 553. Park Eun-sik, akiandika akiwa uhamishoni, alitaja 7,509. Hesabu mpya inawaweka baina ya 725 na 934, na waandamanaji wanakaribia milioni moja. Wako waliokasirika kwa kuona idadi ya mashahidi wa taifa imepunguzwa. Lakini kila mmoja wa hao waliobaki katika hesabu ana mahali, siku na chanzo, na hapana mkanushaji awezaye kuwafuta kwa kusema kwamba ni maneno ya uhamishoni.

Mwelekeo mpya una dosari zake. Waandishi wa usasa wa kikoloni wamependa mno jiji, magazeti na maduka ya ghorofa, ilhali wengi wa Wakorea walikuwa wakulima. Viwanda vikubwa vya mbolea vya Hungnam na mabwawa ya umeme viko kaskazini, ambako makavazi yamefungwa kwa watafiti wa nje. Na takwimu za wachumi zimepata wapambe wasio na subira, kama ilivyoonekana mwaka 2019 kilipotoka kitabu cha Rhee Young-hoon na wenzake dhidi ya kile walichokiita ukabila wa kuichukia Japani, kilichonunuliwa kwa wingi na kusomwa kama ilani ya siasa. Ni makosa kumwachia mtu wa siasa achague ukweli mmoja kati ya kumi na kuupandisha jukwaani.

Hata hivyo, kwa mizani ya jumla, rai yangu ni kwamba utafiti huu mpya haukumtakasa mkoloni. Umeondoa mashtaka yasiyothibitika, ukaweka mahali pake yale yanayothibitika: mpangaji aliyekosa safu katika daftari, mvunaji wa mpunga aliyekula mtama, mke aliyetwishwa jina lisilo la babaye. Anayetaka kuihukumu dola ile kwa haki na aanze hapo, kwa kuwa mashtaka ya namna hii hayahitaji hasira ya msomaji ili yasimame.